Waraka Namba Tisa Kuhusu Kutafuna

Umma unaarifiwa, kwa furaha isiyo na mipaka, kwamba Idara ya Vibali na Uthibitisho imekuwa idara ya kwanza kufanikiwa kuutenganisha utumishi na utafunaji. Kabla ya hapo mambo hayo mawili yalikuwa yamechanganyika vibaya. Mtu alikuwa analipwa ili afanye kazi, na ndani ya malipo hayo hayo anatafuna, na hakuna aliyeona haya.

Nasema haya nikiwa shahidi wa kuaminika, kwa kuwa waraka wenyewe niliuandika mimi. Cheo changu ni Msimamizi Mkuu wa Saa na Mapumziko. Ofisini kwangu nina saa tatu ukutani: moja ya kuingia, moja ya kutoka, na moja isiyotembea, ambayo hutumika kwa watumishi wanaodai walifika mapema.

Zamani watumishi wetu waliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni. Saa saba mchana madirisha yalifungwa, watu wakala, saa nane yakafunguliwa. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi bila mtu kushtuka. Aliyeshtuka ni Mkurugenzi wetu. Siku moja alipita ukumbini saa saba na dakika ishirini akitafuta kijiti cha kuchokolea meno, akamkuta karani wa dirisha la pili anauma mkate. Akasimama, akamtazama mpaka yule karani akashindwa kumeza. Kisha akarudi ofisini kwake akaniita.

"Hivi yule," aliniuliza, "pale anatutumikia sisi au anajitumikia yeye?"

Swali hilo lilihitaji kamati, nasi tukaiunda.

Kamati ya Kufafanua Mlo ilikuwa na wajumbe watano, nami nikiwa katibu. Tulijifungia siku kumi na moja katika hoteli moja tulivu, tukila mara tano kwa siku ili tusije tukaandika jambo tusilolijua. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba mlo huanza pale mtu anapoanza kumeza mate kwa kukifikiria chakula, jambo ambalo kwa watumishi wetu wengi hutokea saa nne asubuhi. Tulivutana sana hapo. Mwishowe tuliafikiana kwamba mlo ni saa moja kamili, hata kama mtu amekula kwa dakika sita, kwa sababu katika zile dakika hamsini na nne zinazobaki tumbo lake linafanya kazi ambayo idara haikuiagiza.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba Tisa. Ulisema kwamba kuanzia saa saba hadi saa nane mchana mtumishi halipwi. Kwa kuwa halipwi, katika saa hiyo si mtumishi, na haruhusiwi kutumia kiti cha idara, meza ya idara, wala upepo wa feni ya idara. Kwa kuwa siku ya kazi ni saa nane kamili, ile saa tuliyoikata katikati tuliishona mwishoni, watu wakawa wanatoka saa kumi na moja. Na kwa kuwa dharura inaweza kutokea wakati wowote, mtu huyo ambaye si mtumishi haruhusiwi kutoka nje ya lango.

Waraka haukuwagusa viongozi wa ngazi ya juu. Kamati ilibaini kwamba kiongozi akiwa anakula, kichwa chake kinaendelea kufikiri. Kwa hiyo mlo wa kiongozi ni kazi, unalipwa, na unachukua muda wowote ambao wazo litahitaji. Mkurugenzi kwa kawaida alikuwa na mawazo ya saa mbili na nusu. Makamu wake alikuwa na ya saa mbili. Mimi, kwa unyenyekevu, nilijiwekea saa moja na robo.

Tulijua kwamba waraka utapelekwa wizarani, kwa hiyo mwishoni nikaongeza sentensi ya kuupendezesha: huduma kwa umma haitasimama hata dakika moja, na madirisha yatahudumiwa wakati wote na yeyote aliye katika muda wa malipo. Nilipomsomea Mkurugenzi alisema ni sentensi tamu sana, akataka iandikwe kwa herufi nzito. Nikaiandika kwa herufi nzito.

Watumishi waliupokea waraka kwa utulivu, yaani walinyamaza. Wakawa wanakula wamesimama kwenye korido, migongo imeachana na ukuta, kwa kuwa ukuta nao ni wa idara. Mpiga chapa mmoja alijaribu kuchuchumaa, nikalazimika kumkumbusha kwamba sakafu nayo ni ya idara.

Aliyekuja mlangoni kwangu ni Mama Mhuri. Kila mtu anamwita hivyo. Amekaa dirisha la tatu miaka ishirini na miwili akigonga mihuri, hata mkono wake wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto. Alinieleza shida yake bila kuzungusha maneno. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, alipatwa na kiharusi mwaka uliopita, na upande wake wa kulia haumtii tena. Wanaishi barabara ya tatu nyuma ya ofisi, mwendo wa dakika saba. Asubuhi jirani humchungulia, jioni yupo mwenyewe, lakini mchana ni yeye anayekwenda kumlisha supu, kijiko kwa kijiko, na kabla ya saa nane amesharudi kwenye kiti chake. Mzee hakubali mkono wa mtu mwingine. Maisha yake yote aliwapima watu viuno na mabega. Sasa hataki mtu amtazame yeye.

"Naomba niendelee kwenda," alisema.

"Lango limepigwa marufuku kwa watumishi, mama."

"Saa hiyo mimi ni mtumishi?"

"La. Kwa mujibu wa waraka, hapana."

"Basi lango linanihusu nini?"

Nilimwambia kwamba hilo ni swali zuri na la kitaalamu. Nikamweleza pia kwamba hatukuwa watu wa roho mbaya: ipo fomu ya kuomba ruhusa ya kutoka saa saba. Fomu hiyo hupokelewa dirisha la tatu, saa saba. Akauliza dirisha la tatu saa saba lina nani. Nikaangalia kwenye daftari langu. Lilikuwa na yeye. Lakini yeye, kama tulivyokwisha kuelewana, saa saba hayupo. Akanishukuru, akatoka. Mimi niliona kikao kimekwenda vizuri.

Siku hiyo hakwenda nyumbani. Langoni yupo bawabu, ambaye ni wa kampuni ya ulinzi na waraka haumhusu, na tulikuwa tumempa picha za watumishi wote kumi na sita ili asizuie wananchi kwa makosa. Mama Mhuri alifika kwake saa saba na dakika moja. Bawabu akaitazama picha, akamtazama yeye, akamwomba radhi na kumrudisha.

Alipofika kwake jioni, baada ya saa kumi na moja, alimkuta baba yake amejaribu kujilisha kwa mkono wa kushoto. Supu ilikuwa kwenye shati, kwenye shuka na chini ya kitanda. Mzee hakulalamika. Alimwuliza tu kama saa ya ofisini imeharibika. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu mzee hakujaribu tena. Kijiko binti alikikuta pale pale alipokiacha asubuhi, na jioni pia mzee alikataa kula, akisema hana njaa na kwamba amekuwa mzigo. Mambo haya nilisimuliwa na karani wa dirisha la pili. Nayaandika kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu, wala si kwamba yalininyima usingizi, ingawa katika siku hizo nililala vibaya kwa sababu nyingine ambazo sikuzichunguza.

Baada ya hapo Mama Mhuri alikuja kuomba nakala ya waraka. Nilimpa kwa fahari, maana hakuna mtumishi aliyewahi kuuomba. Aliusoma saa nzima ya mlo akiwa amesimama koridoni, kidole kikitembea chini ya kila mstari, vile anavyosoma fomu za watu akitafuta kasoro. Nilimripotia Mkurugenzi kwamba watumishi wameanza kuupenda.

Alhamisi tukatembelewa na Mkaguzi kutoka wizarani. Wizara ilikuwa imesikia sifa za waraka na ilitaka kuueneza katika idara zote. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko haja, na uso wake haukuwa na mahali pa kuwekea kicheko. Alifika saa sita na nusu. Tukampitisha kwenye korido iliyodekiwa mara mbili, tukampa chai. Ilipokaribia saa saba Mkurugenzi alimkaribisha mezani. Mkaguzi alikataa kwa adabu, akasema angependa kwanza auone waraka ukifanya kazi. Mkurugenzi akaniachia mgeni, akaingia ofisini kwake kufikiri. Harufu ya kuku wa kukaanga ikatoka chini ya mlango.

Kengele ya saa saba ilipolia, Mama Mhuri alifunga droo yake, akavua beji, akaitundika kwenye msumari. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akalizunguka jengo, akaingia kwa mlango wa mbele, akachukua namba na kusimama kwenye foleni ya dirisha la tatu. Mbele yake alikuwepo mtu mmoja tu, seremala aliyekuwa anafuatilia kibali cha karakana yake kwa wiki ya tatu. Nyuma yake akaja karani wa dirisha la pili. Akaja mpiga chapa. Akaja tarishi, akaja mtunza mafaili, mpaka watumishi wote kumi na sita wakawa wamesimama ukumbini na namba zao mikononi. Nyuma ya vioo viti vilikuwa vitupu, na feni zinapuliza makaratasi.

Mkaguzi aliniuliza kwa nini madirisha hayana watu. Nilimweleza kwamba watu wake wapo kwenye muda usio na malipo na kwa hiyo si watumishi. Akauliza hawa waliopanga foleni ni akina nani. Nikasema ni watumishi, kisha nikajirekebisha nikasema si watumishi.

"Ni wananchi, basi," alisema.

"Kwa saa hii, ndiyo."

Akaandika. Kisha akaufungua waraka, akapita kurasa moja moja mpaka alipofika kwenye herufi nzito. Akaisoma ile sentensi kwa sauti, polepole, akasifia lugha yake, na kuniuliza ni nani ndani ya jengo hili yuko katika muda wa malipo sasa hivi.

Nilianza kukohoa. Mama Mhuri akajibu kutoka kwenye foleni, bila kupaza sauti.

"Wako watatu. Mkurugenzi, Makamu wake, na huyo uliyesimama naye."

Tulimkuta Mkurugenzi na leso shingoni na paja la kuku mkononi. Mkaguzi alimwomba radhi kwa kulikatiza wazo lake, akamjulisha kwamba anahitajika dirishani. Mkurugenzi alicheka kwa sauti, akidhani ni utani wa wizarani. Alipoona anacheka peke yake, alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari, ambayo kwa kweli ilihitaji rangi. Basi akasema haiwezekani, yeye yuko kwenye mlo.

"Kama unakula tu, hulipwi," Mkaguzi alimwambia, "na waraka wako unakutaka usimame koridoni pamoja na wenzako, nje ya kiti hiki. Kama unafikiri, uko kazini, na watu wanakungoja. Mimi sina upande. Nitaandika lolote utakalochagua."

Hapo ndipo nilipomwona Mkurugenzi akifikiri bila kula, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Haikuchukua saa mbili na nusu. Aliweka paja kwenye sahani, akaifuta mikono, akatangulia.

Alikaa dirisha la tatu, Makamu wake la pili, mimi la kwanza. Seremala aliinama kwenye tundu la kioo, akaeleza shida yake. Mkurugenzi aliuliza kibali cha karakana kinahitaji nini. Seremala, ambaye kwa wiki tatu alikuwa ameijua idara kutoka ndani mpaka nje, alimtajia: faili la kijani, fomu ya pili, saini ya Mkurugenzi. Akaulizwa saini hiyo hupatikana wapi. Akajibu kwamba hilo ndilo na yeye analolitafuta tangu aanze kuja. Mkurugenzi akasaini hapo hapo. Seremala aliitazama karatasi kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga, akaenda zake bila kuaga.

Akasogea Mama Mhuri, akapitisha fomu yake. Mkurugenzi alifungua droo ya kwanza, ya pili, kisha akainama chini ya meza.

"Mhuri huwa unauweka wapi?"

"Samahani, mkubwa," alisema Mama Mhuri, "mimi niko nje ya dirisha."

Aliupata mwenyewe ndani ya bati la biskuti. Akarudi kwenye fomu, akakuta sehemu ya sababu iko wazi, na kwa utaratibu wetu sehemu hiyo hujazwa na mhudumu kwa mkono wake baada ya kumsikiliza mwombaji. Akamwuliza sababu ya kutoka.

"Kumlisha baba yangu."

Kalamu ilisimama. Mkurugenzi alimtazama yeye, kisha akamtazama Mkaguzi, aliyekuwa amejiegemeza kwenye nguzo na daftari lake. Akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama hakuna mtu mwingine wa kumlisha. Mama Mhuri akasema hakuna. Akauliza ni kwa muda gani.

"Kila siku ya kazi, mpaka atakapopona."

Mkurugenzi aliandika. Mimi niliyekuwa dirisha la kwanza niliona anaandika kwa shida, kwa mwandiko mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, neno baba akilirudia mara mbili kwa sababu la kwanza lilichafuka wino. Akagonga mhuri. Mama Mhuri akaisoma fomu, akamrudishia kupitia tundu la kioo.

"Umegonga kichwa chini, mkubwa. Hapa hatupokei hivyo."

Akagonga tena, sawasawa.

Mama Mhuri alitoka saa saba na dakika ishirini na mbili. Bawabu aliitazama picha, akautazama mhuri, akaiona saini ya Mkurugenzi mwenyewe, akasimama wima kama anapokea mgeni wa taifa. Nilisimuliwa baadaye kwamba yule mzee alimwambia binti yake supu imepoa, na kwamba aliimaliza yote, akaomba kidogo tena. Saa nane kasoro dakika mbili Mama Mhuri alikuwa langoni. Siku hiyo wote waliobaki walipata fomu zao, isipokuwa tarishi, ambaye Makamu alimgongea kibali cha kujenga ghorofa.

Ripoti ya Mkaguzi ilitusifu kupita kiasi. Iliandika kwamba haijapata kuonekana idara ambayo viongozi wake wanawahudumia wananchi kwa mikono yao katika saa ambayo wengine wanashiba. Ilipendekeza pia kwamba, kwa kuwa kazi ya saa saba sasa inafanywa na viongozi, ile saa tuliyoishona mwishoni haina haja, na ifumuliwe. Ikafumuliwa. Watumishi wakarudi kutoka saa kumi, na mchana wanapita langoni na vibali vyao, wanakwenda kula makwao na kunyoosha miguu, wanarudi wakipiga soga.

Wananchi nao si wajinga. Habari zilienea kwamba ukifika asubuhi unaambiwa uje kesho, lakini ukifika saa saba unahudumiwa na mwenye saini. Foleni ya saa saba ikatoka mlangoni, ikapita lango, ikakunja kona. Wapo waliokuja na viti vyao. Mkurugenzi alitoboa mkanda wake tundu jipya, kisha la pili. Makamu aliteguka kifundo cha mkono. Mimi nilijaribu mara moja kula mkate nikiwa na mteja, akaniuliza, kwa upole sana, kama pale namtumikia yeye au najitumikia mwenyewe.

Tuliiandikia wizara tukiomba waraka ufutwe kwa maslahi ya umma. Wizara ilijibu kwamba umma umeulizwa na hautaki. Tukaandika tena, tukieleza kwamba utafiti mpya unaonyesha kiongozi akila hafikiri hata kidogo. Jibu lilisema ugunduzi huo umepokelewa kwa mshangao na kwamba usitajwe nje.

Ndipo Mkurugenzi aliponiita. Alifunga mlango, akanikabidhi barua aliyoiandika kwa mkono, kwa mwandiko ambao sasa umekuwa mzuri. Alikuwa anaomba kushushwa cheo, awe karani wa daraja la mwisho, dirisha lolote, mradi saa saba mchana asiwe mtumishi. Aliniomba niipeleke kimya kimya. Makamu alikuwa na yake kwenye mfuko wa shati. Mimi niliziweka zote mbili kwenye bahasha moja pamoja na ya kwangu, ambayo nilikuwa nimeshaipiga chapa wiki mbili kabla.

Jibu lilifika Jumatatu, saa saba na dakika tano, tukiwa wote watatu madirishani. Makamu aliifungua bahasha kwa meno kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa wino. Lilikuwa na mistari miwili: nafasi zote za ukarani zimejaa, na wizara inawahitaji muendelee kufikiri.

Mkurugenzi alilisoma, akaligeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akalisoma tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yake alingoja kwa adabu, kisha akagonga kioo kwa ukucha na kumwomba afikiri haraka kidogo.